Sheria ya Vita na Haki za Binadamu: Msomi Wake Hufanya Kazi Gani?

Fundo la kwanza limo katika majina yenyewe. Tunasema "sheria ya kimataifa ya kibinadamu", kisha tunasema "sheria ya kimataifa ya haki za binadamu", na kwa kuwa majina yote mawili yamebeba neno binadamu, watu wengi, wakiwamo wasoma habari na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria, huyachukua kuwa kitu kimoja kilichotajwa kwa njia mbili. Si kitu kimoja. Ya kwanza ni sheria ya vita: huanza kufanya kazi pale mapigano ya silaha yanapokuwepo, na huzifunga pande zote zinazopigana, serikali na waasi pia. Ya pili humlinda mtu dhidi ya dola, wakati wa amani na wakati wa vita, na mdaiwa wake mkuu ni dola hiyohiyo. Kijana wa Mtwara au Lindi anayetamani kuwa mhadhiri au mtafiti katika taaluma hii atatumia sehemu kubwa ya maisha yake akilichambua swali moja linalotangulia mengine yote: kwa tukio hili, mahali hapa, siku hii, kwa mtu huyu, ni sheria ipi inayotawala? Nitalieleza swali hilo kwa mfano wa mto Ruvuma, kwa sababu silijui darasa jingine nchini linalolionesha waziwazi kama huo.

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Mashambulizi yaliendelea na kukua hadi Machi 2021, ulipovamiwa mji wa Palma, ulio karibu kabisa na mpaka wetu. Julai 2021 waliingia wanajeshi wa Rwanda, na pamoja nao kikosi cha nchi za SADC kilichokuwa na askari wa Tanzania ndani yake, ambacho kilimaliza kazi yake Julai 2024. Katikati ya matukio hayo, Oktoba 2020, wavamizi walivuka mto na kuingia katika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Waliovamia ng'ambo na waliovamia Kitaya wanahusishwa na kundi lilelile, na kwa mama aliyepoteza mwanawe msiba ni msiba, awe Palma au Kitaya. Hata hivyo mwanasheria analazimika kuuona mto.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita kwa maana ya kisheria. Kipimo kinachotumika zaidi kilitolewa tarehe 2 Oktoba 1995 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Yugoslavia ya zamani, katika shauri la Duško Tadić: vita visivyo vya kimataifa vipo pale panapokuwa na mapigano ya muda mrefu kati ya vyombo vya serikali na makundi yenye silaha yaliyojipanga, au kati ya makundi hayo yenyewe. Mambo mawili hupimwa, ukali wa mapigano na mpangilio wa kundi. Je, kundi lina makamanda, lina njia ya kupata silaha, linaweza kutoa amri na amri hiyo ikatekelezwa? Je, serikali imelazimika kutumia jeshi badala ya polisi, watu wangapi wamehama, miji mingapi imeshikiliwa na kwa muda gani? Mocímboa da Praia yenyewe ilikuwa mikononi mwa kundi hilo kwa takriban mwaka mmoja, kuanzia Agosti 2020, na hilo peke yake linamwambia mtafiti mengi. Wengine hudhani kwamba kuingia kwa majeshi ya nchi za nje kuligeuza vita hivyo kuwa vya kimataifa. Hapana. Majeshi hayo yaliingia kwa ridhaa ya serikali ya Msumbiji kupigana na kundi lisilo la dola, kwa hiyo vita vilibaki kuwa vya ndani, na sheria yake kuu ni Kifungu cha 3, kinachowalinda wasioshiriki mapigano, ambacho kinafanana katika Mikataba yote minne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti 1949.

Upande wa Kitaya mambo ni mengine. Wavamizi walifanya uhalifu ndani ya nchi iliyokuwa na amani, na dola ilikuwa na wajibu wa kulinda uhai wa wanakijiji, kuwasaka wahalifu, kuwakamata na kuwafikisha mahakamani. Ibara ya 13, 14 na 15 za Katiba yetu, zinazohusu kusikilizwa kwa haki, haki ya kuishi na uhuru wa mtu binafsi, ziliendelea kufanya kazi usiku ule na siku zote zilizofuata. Tofauti si ya maneno tu. Chini ya sheria ya vita, mpiganaji wa kundi anaweza kulengwa hata kama wakati huo hakuinua bunduki. Chini ya sheria ya haki za binadamu, askari anaruhusiwa kutumia silaha ya kuua pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kuokoa maisha. Wapo wasomi wanaosema mpiganaji anayevuka mpaka huvuka na vita vyake mgongoni, na wapo wanaosema mpaka huvikata vita hivyo. Mimi nasimama na hawa wa pili, isipokuwa mapigano ya upande wa pili yenyewe yawe yamefikia kipimo cha Tadić, kwa sababu vinginevyo mkulima aliyeko katika mikorosho yake Kitaya au Tandahimba angejikuta chini ya kanuni zinazovumilia kifo cha raia kama madhara ya pembeni ya shambulio, ilhali nchini mwake hakuna vita.

Baada ya kuzitenganisha sheria hizi mbili, mwanafunzi hana budi kujifunza namna zinavyokutana. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague ilisema katika maoni yake ya ushauri ya tarehe 8 Julai 1996, kuhusu silaha za nyuklia, kwamba ulinzi wa haki za binadamu haukomi vita vinapoanza, ila kama mtu ameuawa kiholela vitani ni jambo linalopimwa kwa sheria ya vita ambayo ni mahususi zaidi. Mwaka 2004, katika maoni kuhusu ukuta uliojengwa katika ardhi ya Wapalestina, ikaongeza kwamba baadhi ya haki zimo katika sheria ya vita peke yake, nyingine katika haki za binadamu peke yake, na nyingine katika zote mbili. Sentensi hiyo fupi imezalisha tasnifu za uzamivu ambazo bado hazijaisha. Kwetu Afrika kuna ugumu mmoja zaidi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1976, unaruhusu dola kusimamisha baadhi ya haki wakati wa hali ya hatari. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 hauna kifungu cha namna hiyo. Msumbiji imo katika mikataba yote miwili, na mtafiti anayeuliza serikali iliweza kubana haki zipi huko Cabo Delgado lazima aisome yote miwili pamoja.

Lugha nayo inadai kazi ambayo wageni hawawezi kutufanyia. Chukua neno "mateka". Tunasema mateka wa vita, tukimaanisha askari aliyekamatwa na adui, ambaye Mkataba wa Tatu wa Geneva unampa hadhi na ulinzi kamili. Tunasema pia kuchukua mateka, tukimaanisha kumkamata mtu ili kushinikiza wengine watoe fedha au wafanye jambo fulani, kitendo ambacho Kifungu cha 3 kinakipiga marufuku moja kwa moja. Neno moja limebeba hadhi halali na kosa la jinai. Zaidi ya hapo, katika vita vya ndani kama vya Cabo Delgado hadhi ya mateka wa vita haipo kabisa: mpiganaji aliyekamatwa anaweza kushtakiwa kwa uasi wenyewe, ingawa hawezi kuteswa wala kuhukumiwa bila mahakama halali. Neno "uwiano" ni vivyo hivyo. Katika sheria ya vita linapima madhara yanayotarajiwa kwa raia dhidi ya manufaa ya kijeshi. Katika haki za binadamu linapima nguvu ya askari dhidi ya hatari anayokabiliana nayo wakati huo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, na tangu Umoja wa Afrika ulipokipokea kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, kazi ya kuyapambanua maneno haya imekuwa kazi ya kisheria, na ninasikitika kwamba ni wachache mno wanaoifanya.

Mzazi mmoja wa Masasi aliwahi kuniuliza, kwa heshima lakini bila kuzunguka, "Mwalimu, maandishi ya wasomi yanamsaidia nani?" Jibu la kisheria lipo. Kifungu cha 38 cha Hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kinaitaja mikataba, desturi na kanuni za jumla kuwa vyanzo vya sheria, kisha kinayataja mafundisho ya wasomi mahiri wa mataifa mbalimbali kuwa njia ya kusaidia kuijua sheria. Ni taaluma chache ambamo kitabu cha mhadhiri kimepewa nafasi ndani ya hati inayoiongoza mahakama. Mwaka 2005 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilichapisha utafiti wa sheria ya desturi ya vita ulioongozwa na Jean-Marie Henckaerts na Louise Doswald-Beck, wenye kanuni 161, na tangu hapo mahakama na majeshi yameurejea, wengine wakikubali na wengine wakipinga. Profesa Antonio Cassese alitoka darasani akawa rais wa kwanza wa mahakama ya Yugoslavia iliyotoa kipimo kile cha Tadić. Christof Heyns wa Chuo Kikuu cha Pretoria alikuwa Mtaalamu Maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela kuanzia 2010 hadi 2016, nafasi isiyo na mshahara, akiendelea kufundisha. Na hapa nyumbani, Profesa Chris Maina Peter wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliketi katika Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa kuanzia 2012 hadi 2022.

Arusha nayo si mbali kama tunavyodhani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikaa huko hadi mwisho wa mwaka 2015, na hukumu yake ya tarehe 2 Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu ndiyo ya kwanza duniani ambamo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Wachache hukumbuka kwamba katika hukumu hiyohiyo Akayesu aliachiwa katika mashtaka ya kukiuka Kifungu cha 3, kwa kuwa majaji hawakuridhika kwamba yeye, meya wa kiraia, alikuwa na uhusiano uliotakiwa na majeshi. Mwaka 2001 majaji wa rufaa wakasema sharti hilo lilikuwa kosa la kisheria. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha pia, na hukumu yake ya kwanza kuhusu kiini cha shauri, ya tarehe 14 Juni 2013, ilihusu Tanzania na suala la mgombea binafsi. Mwanafunzi wa Lindi anayezisoma hukumu hizi anasoma mambo yaliyoamuliwa ndani ya nchi yake.

Lakini utajiri wa kusini hauko Arusha. Uko Nandete, katika milima ya Umatumbi wilayani Kilwa, ambako Julai 1905 watu waling'oa pamba ya kulazimishwa na Vita vya Majimaji vikaanza. Jeshi la Kijerumani lilijibu kwa kuchoma vijiji, kuharibu mazao na kuteketeza maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 hadi 300,000. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imekwisha kuridhia Mkataba wa Hague wa mwaka 1899, ambao kanuni zake zilikataza kuharibu mali ya adui pasipo ulazima mkubwa wa kivita. Kwa nini basi kanuni hizo hazikumlinda Mmatumbi? Kwa sababu mkataba wenyewe ulisema unatumika katika vita kati ya dola zilizousaini tu, na watu wa makoloni hawakuhesabiwa kuwa dola. Sheria ilikuwepo, nasi tuliachwa nje ya mlango wake kwa makusudi. Ilipofika tarehe 8 Juni 1977 ndipo Itifaki mbili za Ziada za Mikataba ya Geneva zilipokataza waziwazi kuwanyima raia chakula kama mbinu ya kivita, ya pili ikikataza hivyo hata katika vita vya ndani, na Desemba 2019 ndipo wanachama wa Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya kudumu, walipokubali kuliongeza kosa hilo kwa vita vya ndani katika orodha ya makosa ya mahakama hiyo. Kati ya Nandete na hapo ni miaka 114. Mtafiti wa kusini anayeandika kuhusu njaa kama silaha anaandika juu ya babu zake, na sioni sababu ya yeye kulificha hilo katika utangulizi wa tasnifu yake.

Nachingwea nayo imo katika sheria hii. Kambi ya Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliyokuwa pale ilifundisha wapiganaji wa ukombozi ambao Ureno iliwaita magaidi, na mkutano wa kidiplomasia uliokaa Geneva kuanzia 1974 hadi 1977 ulipokubali, kwa nguvu ya kura za nchi changa, kwamba vita dhidi ya ukoloni ni vya kimataifa na wapiganaji wake wanaweza kuwa na hadhi ya mateka wa vita, ulikuwa unawazungumzia watu wa aina ya wale waliopita Nachingwea. Rutamba, mkoani Lindi, palikuwa na makazi ya wakimbizi wa Msumbiji katika miaka hiyohiyo. Hapo inaingia sheria ya tatu, ya wakimbizi, ambayo msomi wa taaluma hii hawezi kuikwepa: Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unakataza mtu kuzuiwa mpakani na kurudishwa mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini, na mwaka 2021 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lilieleza hadharani wasiwasi wake kuhusu Wamsumbiji waliorejeshwa kwao kupitia Negomano, ng'ambo ya Daraja la Umoja. Historia yetu ya ukarimu ni ndefu. Ndiyo maana swali hilo linapaswa kuchunguzwa na watu wetu wenyewe, kwa ukweli na kwa upole.

Kuhusu njia ya kufika huko nitasema kwa ufupi. Shahada ya kwanza ya sheria huchukua miaka mitatu au minne kulingana na chuo, na anayetaka kubaki chuoni kama msaidizi wa mafunzo kwa kawaida hutakiwa kuwa na GPA isiyopungua 3.8. Shahada ya uzamili humfanya mhadhiri msaidizi, ya uzamivu humfikisha ngazi ya mhadhiri, na kuanzia hapo machapisho ndiyo yanayompandisha kuwa mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, kisha profesa. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ni kwa anayetaka uwakili. Si sharti kwa mtafiti, ingawa aliyewahi kusimama mahakamani huandika kwa uangalifu zaidi. Mashindano ya mahakama ya kuigiza husaidia sana: yale ya haki za binadamu ya Afrika, yanayoratibiwa na Pretoria tangu 1992, na yale ya Jean-Pictet ya sheria ya vita, yaliyoanza 1989. Ni kazi ya miaka mingi yenye kipato cha kawaida, na mzazi anastahili kuambiwa hivyo mapema.

Kijana wa huku, hata hivyo, anaanza na mtaji ambao mwenzake wa Geneva hununua kwa gharama. Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma, Kiswahili kinaeleweka na watu wengi wa pwani ya Cabo Delgado, na akijiongezea Kireno atasoma sheria za Msumbiji katika lugha zilimoandikwa na kuwasikiliza walioathirika bila mkalimani. Anaweza pia kuliona jambo ambalo walio mbali hulipita: Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002, ilhali Msumbiji iliusaini bila kuuridhia, kwa hiyo Mtanzania aliyejiunga na kundi lile na kufanya uhalifu wa kivita ng'ambo anaweza kuangukia katika mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa uraia wake, hata kama tukio halikutokea katika ardhi ya nchi mwanachama, endapo mahakama za kitaifa zitashindwa au hazitakuwa tayari kumshughulikia. Makala nzima ya kitaaluma inaweza kujengwa juu ya sentensi hiyo moja.

Na utafiti wa mpakani una taratibu zake, kuanzia barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji, na kwa mtafiti wa kigeni kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukishafika na kukaribishwa kiti, mwenyeji wako hana haja ya kusikia habari za Tadić. Unamweleza kwanza kwamba anaweza kukataa, na kwamba jina lake halitaandikwa popote, hata katika daftari lako mwenyewe, bali namba. Kisha unauliza mambo madogo kwa utaratibu: walikuja wangapi, walikuja kwa makundi au mmojammoja, walivaa nini, nani alikuwa akitoa amri na wengine wakatii, walikaa muda gani, askari waliofika walikuwa polisi au wanajeshi, na waliokamatwa walipelekwa wapi.